Namna ya Kupima Umri wa Miamba Mashapo kwa Punje za Zirkoni: Mwongozo kutoka Shambani hadi Kwenye Ripoti

Katika bonde la Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, kuna matabaka mazito ya mawe mekundu ya mchanga ambayo umri wake ulibishaniwa kwa miongo mingi. Baadhi ya wanajiolojia waliyaweka katika zama za dinosauri, na wengine waliyaona kuwa ya karibuni zaidi, ya wakati Bonde la Ufa lilipokuwa tayari likifunguka. Ubishi ulikuwa na sababu, kwa kuwa mawe mekundu ya mchanga hufanana hata yanapotenganishwa na makumi ya mamilioni ya miaka, na visukuku vya kuamua shauri vilikuwa haba. Leo inajulikana kwamba kila upande ulishika sehemu ya ukweli: Fomesheni (kundi la matabaka) ya Galula ni ya kipindi cha Kretasia, zama za dinosauri, na Fomesheni ya Nsungwe, iliyolala juu yake, ni ya Oligosini, yenye umri wa takriban miaka milioni 25. Miongoni mwa mashahidi waliomaliza ubishi huo ni punje za zirkoni, madini magumu yenye urani kidogo ndani yake, ambazo nyingi hazifiki hata robo ya milimita.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Mwaka 2012 ilichapishwa hoja kwamba tawi la magharibi la Bonde la Ufa lilianza kufunguka mapema zaidi ya miaka milioni 10 kuliko ilivyodhaniwa, na mwaka 2013 yakatangazwa mabaki ya viumbe wawili kutoka matabaka hayohayo: Rukwapithecus fleaglei wa ukoo wa sokwe, na Nsungwepithecus gunnelli wa ukoo wa nyani na tumbili. Tabaka lao lina umri wa miaka milioni 25.2. Bila tarehe hiyo, taya na meno hayo yangebaki mabaki ya kuvutia yasiyo na mahali katika historia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa jiolojia na mtafiti anayeanza, anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe au kuielewa vya kutosha asidanganyike na namba anazoletewa na maabara.

Jambo la kushika kabla ya nyundo

Mwamba mashapo umejengwa kwa vipande vya miamba mingine iliyotangulia. Mto ulipomomonyoa milima na kumwaga mchanga bondeni, kila punje ya zirkoni ilifika ikiwa na umri wake tayari, umri wa siku ilipoganda ndani ya magma au ilipokua ndani ya mwamba geu. Maabara hupima umri huo wa kuzaliwa kwa punje, na haipimi siku mchanga ulipotua. Mfano mkali kuliko yote uko Jack Hills, Australia Magharibi, ambako punje moja ilipimwa na kukutwa na umri wa miaka bilioni 4.4, ilhali konglomerati (mwamba wa kokoto zilizogandamana) iliyoibeba ilitandazwa miaka takriban bilioni 3 iliyopita. Anayeisoma tarehe ya punje kama tarehe ya mwamba hapo amekosea kwa zaidi ya miaka bilioni moja.

Hata hivyo punje hizo zinatupa mpaka mmoja usioweza kuvukwa: mwamba hauwezi kuwa mkongwe kuliko punje changa kuliko zote iliyomo ndani yake. Tarehe hiyo huitwa umri wa juu kabisa wa utuaji, na kazi yote inayofuata, kuanzia kuchagua tabaka hadi kuandika sentensi ya mwisho ya ripoti, ni kazi ya kuzitafuta punje changa kwa uaminifu na kuzilinda zisichafuliwe.

Zirkoni inafaa kwa sababu tatu. Ni madini magumu, yenye ugumu wa takriban 7.5 katika kipimo cha Mohs, hivyo husafiri mtoni na kuzikwa na kufukuliwa tena bila kusagika. Inapoganda hupokea urani katika nafasi za zirkoniamu, lakini huikataa risasi (ile metali nzito) karibu yote, kwa hiyo risasi inayokutwa ndani yake baadaye ni zao la urani iliyovunjika. Na joto linalohitajika ili risasi hiyo itoke kwenye fuwele nzima isiyo na madhara ni kubwa sana, karibu nyuzi 900 za Selsiasi, joto ambalo mashapo ya kawaida hayalifikii.

Ndani ya fuwele hiyo kuna saa mbili zinazokwenda pamoja. Urani 238 huishia kuwa risasi 206, na nusu yake huvunjika kwa miaka bilioni 4.468, urani 235 huishia kuwa risasi 207, na nusu yake huvunjika kwa miaka milioni 704. Saa mbili katika punje moja ni neema ambayo mbinu nyingi za kupima umri hazina, kwa sababu moja inaikagua nyingine.

Hatua ya kwanza: chagua tabaka, kisha uliandike

Anza na ramani. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, ina ramani za jiolojia za nchi, na ramani hizo ndizo zinazokuambia mchanga wa bonde lako ungeweza kutoka wapi. Kwa bonde la Rukwa, ambamo Songwe imo, kwa mfano, vyanzo vilivyo karibu ni miamba ya ukanda wa Ubende yenye umri wa takriban miaka bilioni 1.8 hadi 2.1, mbali kidogo iko kratoni (kiini kikongwe cha bara) ya Tanzania yenye miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na upande wa mashariki uko ukanda wa Msumbiji uliopikwa miaka milioni 550 hadi 650 iliyopita. Ukiwa na orodha hiyo mapema, utaweza kutambua punje iliyokuja kwa njia ya kawaida na punje isiyoelezeka.

Kisha jiulize swali gumu: je, wakati mashapo haya yalipokuwa yakitua, palikuwa na volkano iliyokuwa hai jirani? Kama palikuwepo, zirkoni changa zilikuwa zikiangukia bondeni pamoja na majivu, na punje changa katika mchanga zitakaribia umri halisi wa utuaji. Kama hapakuwepo, punje changa kuliko zote inaweza kuwa na mamia ya mamilioni ya miaka zaidi ya mwamba wenyewe. Bonde linalolishwa na kratoni pekee litakupa zirkoni za bilioni 2.5 hata kama mchanga ulitua jana. Mtafiti asiyejiuliza swali hili kabla ya kutumia fedha atalijibu baada ya kuzimaliza.

Kwa sababu hiyo, tabaka la majivu ya volkano ndilo la kutafutwa kwanza popote lilipo. Tabaka lililoanguka kutoka angani na kutulia bila kuchezewa na maji hutoa tarehe iliyo karibu sana na siku ya utuaji. Litambue kwa wembamba wake ulio sawa kwa umbali mrefu, mipaka yake mikali, vipande vya madini vyenye kingo zisizosuguliwa, na uchache wa punje za mviringo za kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga. Tabaka la majivu lililobebwa na mto kisha likatandazwa upya lina punje za kila namna, na lishughulikiwe kama mchanga mwingine wowote.

Pasipo majivu, chukua jiwe la mchanga lenye punje za wastani au ndogo. Konglomerati ina mawe makubwa mno yanayowakilisha vyanzo vichache, na mawe ya tope yana zirkoni ndogo kuliko doa la leza, yaani shimo linalotobolewa wakati wa kupima. Kilo 2 hadi 5 zinatosha kwa mawe mengi ya mchanga. Majivu yenye zirkoni haba yanaweza kuhitaji zaidi.

Kabla ya kuvunja jiwe, chora safu ya wima ya matabaka na uweke alama mahali hasa sampuli inapotoka, pamoja na viwianishi vya GPS, picha yenye kipimo, mwelekeo wa matabaka na kile kilicho juu na chini yake. Sampuli isiyo na mahali katika mpangilio wa matabaka haina maana, hata ikipimwa kwa mashine bora duniani. Ondoa ngozi ya jiwe iliyooza kwa jua na mvua, safisha nyundo na tindo kati ya sampuli moja na nyingine, na tumia mfuko mpya ambao haujawahi kubeba mchanga. Andika namba ya sampuli kwenye mfuko na kwenye kikaratasi kilichofungwa ndani ya nailoni, kwa kuwa wino wa nje hufutika safarini.

Vibali vishughulikiwe mapema. Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kusafirisha sampuli nje ya nchi kunahitaji idhini pia. Kenya, kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI. Viongozi wa kijiji waelezwe kwa lugha nyepesi kinachochukuliwa na kwa nini, kwani mtu anayejaza mawe kwenye mifuko huchukuliwa haraka kuwa mtafuta dhahabu.

Hatua ya pili: kutoa zirkoni ndani ya jiwe

Jiwe huvunjwa kwa karasha ya taya hadi kuwa kokoto, kisha husagwa taratibu kwa vipindi vifupi, ukichekecha baada ya kila kipindi ili punje zilizokwisha kuachana zisisagwe mara mbili. Kipande cha kuendelea nacho ni kile kilicho chini ya maikroni 500, yaani nusu milimita. Wengine huishia 250. Usitupe unga mwembamba bila kuuangalia, kwa kuwa zirkoni za volkano mara nyingi ni ndogo, na ndizo hasa unazozitafuta.

Hapa ndipo uchafuzi huingia, na uchafuzi wa punje moja tu unaweza kuharibu kazi nzima, kwa sababu hitimisho lako litategemea punje chache zilizo changa kuliko nyingine. Kila kifaa kisafishwe kwa brashi na hewa ya mgandamizo, kipitishwe kwatzi safi, kisha kisafishwe tena. Chekecheo za kitambaa zinazotupwa baada ya sampuli moja ni bora kuliko za chuma zinazorithi punje kwenye matundu yake. Panga sampuli zako ili zile unazotarajia kuwa changa zisagwe kwanza. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, kwa maana vumbi la kwatzi linaharibu mapafu pasipo kurudi.

Baada ya kusaga, osha. Karai la wachenjuaji wa dhahabu linafanya kazi hii vizuri mikononi mwa mtu mwenye uzoefu, kwa sababu zirkoni ina msongamano wa takriban 4.6 hadi 4.7 huku kwatzi ikiwa na 2.65, maabara kubwa hutumia meza ya kutikisa. Kosa la kawaida ni kuosha kwa nguvu mno hadi zirkoni ndogo zinaondoka na maji, hivyo maji ya kwanza yakingwe kwenye ndoo na yaoshwe mara ya pili.

Mabaki mazito hukaushwa, hupitishiwa sumaku ya mkono ili kuondoa magnetaiti, kisha hutiwa kwenye kimiminika kizito. Politangsteti ya sodiamu huweza kufikishwa msongamano wa karibu 3, haina sumu kali, na inasafishika kwa maji. Bromofomu na iodidi ya methilini hufanya kazi haraka zaidi lakini zina sumu, na zisifunguliwe nje ya kabati lenye kivuta hewa. Kwatzi na feldispa huelea, zirkoni huzama pamoja na apataiti, garneti na wenzake. Iodidi ya methilini, yenye msongamano wa 3.32, ina faida ya kuiacha apataiti ikielea.

Mwisho hutumika sumaku ya umeme ya aina ya Frantz, ikiongezwa nguvu kidogokidogo. Usivuke kiasi hapa. Zirkoni yenye urani nyingi na fuwele iliyoharibika huvutwa na sumaku kuliko iliyo safi, kwa hiyo mtu akitafuta usafi wa kupita kiasi anaweza kuondoa kundi zima la umri bila kujua. Ni afadhali kubaki na takataka kidogo kwenye bomba la sampuli.

Hatua ya tatu: kuchagua punje na kuzipanga

Swali la utafiti ndilo linaloamua namna ya kuchagua. Ukitaka kujua mchanga ulitoka wapi, na kwa uwiano gani, mimina punje bila kuchagua na uzipime kama zilivyoanguka, kwa kuwa jicho la binadamu hupenda punje kubwa, angavu na nzuri. Ukitaka umri wa juu kabisa wa utuaji, una haki ya kupendelea: tafuta chini ya hadubini punje ndefu, zenye kingo kali na nyuso zinazong'aa, ambazo hazikusuguliwa na safari ndefu, maana hizo ndizo zinazoelekea kuwa za volkano ya wakati huo. Sharti ni kwamba makundi hayo mawili yapangwe mbalimbali na yaandikwe mbalimbali. Grafu ya vyanzo iliyochorwa kwa punje zilizochaguliwa kwa sura ni uongo, hata kama kila tarehe iliyomo ni sahihi.

Idadi ya punje inahesabika. Kundi lenye sehemu ya asilimia 5 ya punje zote litakukwepa kabisa kwa uwezekano wa 0.95 kipeo cha idadi ya punje ulizopima; ukipima 59, uwezekano huo unashuka chini ya asilimia 5. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba hakuna kundi lolote la ukubwa huo ulilolikosa, unahitaji punje 117. Lakini kama punje za volkano ni 1 tu katika 100, hata 117 hazitoshi, na unahitaji karibu 300. Maabara nyingi sasa hupima 300 kwa siku moja au mbili, na sioni sababu ya kuendelea na desturi ya punje 60 pale ambapo umri wa fomesheni nzima unategemea jibu.

Punje hupangwa kwenye utepe wa gundi pamoja na vipande vya zirkoni rejea (zenye umri unaojulikana), humiminiwa epoksi, gundi inayokauka kuwa ngumu, ndani ya pete ya milimita 25, na baada ya kukauka husuguliwa hadi nusu ya punje ifunuke. Ikiwa unashuku kwamba kuna kingo nyembamba changa, acha baadhi ya punje bila kusuguliwa ili leza itoboe kutoka nje kuelekea ndani.

Hatua ya nne: piga picha kabla ya kupima

Kila punje ipigwe picha ya kathodoluminesensi, yaani ya mwanga inaoutoa inapopigwa na elektroni, kwenye hadubini ya elektroni. Picha hiyo huonyesha mistari ya ukuaji ambayo jicho halioni: kiini kizee kilichozungukwa na ganda jipya, mistari myembamba inayopishana ya fuwele iliyokulia ndani ya magma, mabaka yasiyo na mpangilio ya mwamba geu, nyufa, na vijidonge vya madini mengine. Doa la leza likiangukia nusu kwenye kiini na nusu kwenye ganda, litatoa umri wa kati ambao haujawahi kuwepo duniani.

Maabara zinazobana gharama huruka hatua hii. Mtafiti asikubali.

Hatua ya tano: kupima

Mbinu kuu ni tatu. Ya kwanza ni leza iliyounganishwa na spektromita ya masi yenye plazima, ijulikanayo kwa kifupi LA-ICP-MS: leza hutoboa shimo la upana wa maikroni 20 hadi 35 kwa takriban nusu dakika, vumbi linapelekwa kwenye plazima (gesi yenye joto kali mno), na isotopu, yaani aina za atomi kama urani 238 na risasi 206, zinahesabiwa. Ni ya haraka na ya bei nafuu, na usahihi wake halisi ni asilimia 1 hadi 2. Ya pili ni mashine ya kufyatua ioni kama SHRIMP, ambayo hula sehemu ndogo zaidi ya punje na kufaa kwa ganda jembamba. Ya tatu, CA-ID-TIMS, huiyeyusha punje nzima au kipande chake baada ya kuipasha joto la nyuzi 900 hivi kwa saa 48 au zaidi na kuila kidogo kwa asidi ya hidrofloriki, ili sehemu zilizopoteza risasi ziondoke. Usahihi wake hufika asilimia 0.1 au bora zaidi. Asidi hiyo inaua, na ishikwe tu na mtu aliyefundishwa.

Mpango wenye busara ni kuzitumia kwa zamu: leza kwa mamia ya punje, kisha punje tano au kumi zilizo changa zaidi zing'olewe kwenye epoksi na kupelekwa kwa CA-ID-TIMS. Kutoka Afrika Mashariki, sampuli mara nyingi husafirishwa, kwa mfano kwenda Stellenbosch, Afrika Kusini, au Tucson, Arizona. Nenda nazo ikiwezekana. Kukaa mbele ya mashine na kuamua mwenyewe mahali pa kila doa ni elimu isiyopatikana katika jedwali la matokeo.

Katika kila kipindi, zirkoni rejea inayojulikana umri ipimwe baada ya kila punje 5 hadi 10, na zirkoni rejea ya pili ipimwe kana kwamba ni sampuli isiyojulikana. Rejea zinazotumika sana ni 91500 kutoka Ontario, Kanada, yenye umri wa takriban miaka milioni 1,065, Plešovice ya Ucheki yenye milioni 337, na Temora 2 ya Australia yenye milioni 417. Ikiwa Plešovice yako inatoka na milioni 345, kosa liko kwenye mpangilio wa kipimo, na hakuna tarehe ya siku hiyo inayofaa kutumika hadi chanzo chake kijulikane.

Hatua ya sita: kutoka uwiano hadi umri, na kuchuja

Umri wa saa ya kwanza ni logi asilia ya moja jumlisha uwiano wa risasi 206 kwa urani 238, ikigawanywa kwa 1.55125 × 10⁻¹⁰ kwa mwaka. Kwa punje ya miaka milioni 25 uwiano huo ni 0.00389 hivi, na kwa punje ya miaka bilioni 2 ni 0.364. Katika punje ile ya milioni 25, risasi 207 ni takriban moja ya ishirini ya risasi 206, kwa hiyo saa ya pili inasomeka kwa shida sana. Ndiyo maana punje changa husomwa kwa risasi 206 na urani 238, na punje kongwe husomwa kwa uwiano wa risasi 207 na 206. Mpaka wa kubadilisha huwekwa na wengi karibu na miaka bilioni 1. Chagua pengo katika data yako lisilo na punje, na utaje ulipouweka.

Chora kila kipimo kwenye mchoro wa konkodia, ambamo mstari uliopinda unaonyesha mahali saa mbili zinapokubaliana. Kipimo kilichoanguka mbali na mstari kimepoteza risasi, au kimechanganya kiini na ganda, au kina risasi ya kawaida iliyoingia kutoka nje. Kwa punje kongwe ni desturi kuacha zile zinazotofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, na wengine huruhusu 15 au 20. Kwa punje changa kichujio hicho hakisaidii sana, kwa sababu konkodia huko chini karibu inanyooka na punje iliyopoteza risasi huteleza juu ya mstari uleule bila kuonekana. Angalia pia uwiano wa thoriamu kwa urani: ukiwa chini ya 0.1, shuku kwamba sehemu hiyo ilikua ndani ya mwamba geu. Kama mwamba wako mashapo wenyewe ulipikwa baada ya kuzikwa, ganda la namna hiyo linaweza kuwa changa kuliko utuaji, na kanuni yetu ya msingi haitumiki kwake.

Hatua ya saba: kuamua umri wa juu kabisa wa utuaji

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, punje zako changa zimetoka hivi, kwa mamilioni ya miaka na kosa la sigma mbili (uhakika wa asilimia 95 hivi): 19.8 ± 0.9, 24.8 ± 0.5, 25.1 ± 0.4, 25.3 ± 0.5, 25.4 ± 0.6, kisha inayofuata ni 31.2. Kishawishi ni kuikamata 19.8 na kutangaza kwamba mwamba ni wa Miosini, kipindi kilichofuata Oligosini. Usifanye hivyo. Punje moja pekee inaweza kuwa imepoteza risasi, au imetoka kwenye karasha iliyosaga sampuli ya jirani, na kadiri unavyopima punje nyingi ndivyo unavyoongeza nafasi ya kupata moja iliyotoka changa kwa bahati ya takwimu tu.

Punje nne zinazofuata, kwa upande mwingine, zinakubaliana ndani ya makosa yake. Wastani wake uliopimwa kwa uzito ni 25.1 ± 0.2, na kipimo cha mtawanyiko, MSWD, ni karibu 1, jambo linaloonyesha kwamba makosa ya kipimo yanatosha kueleza tofauti kati yao. Ukijumlisha na kosa la mfumo la leza la asilimia 2, kosa kamili linakuwa karibu milioni 0.6. Tarehe ya kuandikwa ni 25.1 ± 0.2, au ± 0.6 kwa kosa lote. Punje ya 19.8 itajwe waziwazi, irudishwe kwenye hadubini ichunguzwe nyufa zake, na ikiwezekana ipelekwe CA-ID-TIMS. Ikithibitika, basi uamuzi wote ubadilike.

Zipo njia nyingine, kama vile kutumia kilele changa cha grafu au njia ya uwezekano wa juu kabisa iliyomo katika programu ya IsoplotR inayopatikana bure. Mimi huamini kundi la punje tatu au zaidi zinazopishana kwa sigma mbili pale idadi inaporuhusu, kwa kuwa linapunguza hatari ya kutoa umri mdogo kuliko ukweli. Lakini kokotoa kwa njia mbili au tatu na uonyeshe zote. Zikikubaliana, msomaji atatulia. Zikitofautiana sana, hiyo nayo ni habari anayostahili kupewa.

Hatua ya nane: kutafuta mpaka wa pili

Zirkoni za mchanga zimekupa upande mmoja tu. Upande wa pili, yaani umri ambao umri wa mwamba hauwezi kuwa mdogo kuliko huo, hutoka kwenye vitu vilivyokuja baadaye: tabaka la majivu lililo juu yake, lava iliyoufunika, mwamba wa moto ulioukata, au visukuku vya matabaka ya juu. Nguvu ya tarehe za Nsungwe inatokana na kwamba matabaka ya majivu, punje za mchanga na wanyama waliozikwa humo vyote vinaelekeza mahali pamoja. Rudi basi kwenye safu ya wima uliyoichora siku ya kwanza na uweke kila tarehe mahali pake. Tarehe za majivu zinapaswa kupungua kadiri unavyopanda juu. Umri wa juu kabisa wa utuaji wa mawe ya mchanga unaweza kuyumba, kwa sababu mto unaweza kuacha kuleta punje changa kwa muda, lakini tabaka la chini likitoa kundi changa kuliko majivu yaliyo juu yake, pana ufa usioonekana, kosa la sampuli, au uchafuzi.

Hatua ya tisa: kuandika

Andika "mwamba ulitua miaka milioni 25.1 iliyopita au baadaye", na usiandike "mwamba una umri wa miaka milioni 25.1", isipokuwa kama ni tabaka la majivu lililoanguka moja kwa moja. Hata kwa majivu, taja kwamba baadhi ya zirkoni huishi ndani ya magma kwa makumi au mamia ya maelfu ya miaka kabla ya mlipuko, na nyingine hunyakuliwa kutoka kuta za volkano. Toa jedwali la vipimo vyote, vikiwemo vilivyokataliwa na sababu za kukataliwa, matokeo ya zirkoni rejea, ukubwa wa doa, kichujio cha kutopatana kwa saa mbili, mpaka wa kubadilisha uwiano, na viwianishi vya sampuli. Pete za epoksi na mabaki ya jiwe yahifadhiwe yakiwa na namba zilezile za shambani, na nakala ya picha na jedwali irudi kwenye taasisi ya nchi ambako jiwe lilitoka, ili mwanafunzi wa Mbeya au Dodoma aweze kuipima upya punje ileile mashine bora zaidi zitakapofika.